Nilivyoizima Zahanati Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, haya niliyojifanyia nikiyakumbuka natamani nijifunike khanga gubigubi, na wala msinitunzie siri maana mawifi zangu wanayo tayari, tena wanaisimulia vizuri kuliko mie.

Mie ndo fundi kompyuta wa zahanati moja ya binafsi huku Temeke, na nilikuwaga peke yangu, malkia, mpaka bosi wetu Dokta alipomleta Salma, binti mdogo, mpole, mzuri (sikatai), anayeniamkia "Shikamoo dada" kila asubuhi hadi najihisi nina wajukuu. Hajamaliza hata mwezi, akaipanga upya seva yetu ya Linux, ile kompyuta kubwa inayotunza mafaili ya wagonjwa: ina kadi mbili za mtandao, moja akaielekeza ndani, kwa mapokezi na maabara, nyingine nje kwenye intaneti, kila moja na anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikatulia. Basi kila kikao ikawa Salma, Salma, roho inaniuma mpaka chai hainishuki.

Siku hiyo mama mkwe katoka Mbweni kuja kupima presha, kwa kuwa nilishajigamba ukweni kwamba mitambo yote pale naishika mie. Yuko kwenye benchi, Dokta anapita, anawaambia wagonjwa, "Siku hizi hamkai sana, mshukuruni Salma." Mbele ya mama mkwe! Nikaona hapana, leo natafuta kasoro ya huyu mtoto, naisahihisha mwenyewe, watu wajue. Nikamtoa dada wa mapokezi kwenye kiti chake, nikaingia kwenye seva, nikakuta kadi ya nje ina anwani isiyofanana kabisa na ya ndani, nikasema ahaa, kumbe hajui, hizi si zinatakiwa zifanane? Nikaibadilisha ikawa ya ukoo mmoja na mwenzake, nikabonyeza.

Skrini ikaganda. Mapokezi hawafungui jina la mtu, intaneti hakuna, majibu ya maabara hayamfikii Dokta, benchi linajaa, na kuna mtoto ana homa analia, mama yake anauliza, "Jamani, majibu ya mwanangu yako wapi?"

Dokta akatoka. "Rukia, kuna nini?"

Mdomo ukaniponza. "Muulizeni Salma, yeye ndo aliyeipanga hii seva, mie nilisema toka mwanzo!" (Sikuwahi kusema.) Nikakimbilia chumba cha seva, nikachomoa waya huu, nikachomeka tundu lile, kumbe ndo naizika kabisa.

Salma akaja. "Dada, kuna kitu umebadilisha?"

"Mie? Sijagusa."

Akachomeka kibodi, akaandika maneno mawili matatu, anwani zikajitokeza zote. Akasema kwa sauti ya chini, ila mlango uko wazi na benchi zima linasikia, "Kadi ya nje imepewa anwani ya ukoo wa ndani. Sasa swali la mapokezi linaingia mlango wa mbele, seva inajibia mlango wa uani, huku hawasikii kitu."

"Nani kabadilisha?" Dokta akauliza. Salma akainamia kibodi, hakunitaja. Dada wa mapokezi ndo akaropoka, "Si Rukia alinitoa kwenye kiti changu sasa hivi?"

Salma akarudisha anwani na waya mahali pake, majibu yakafika, yule mtoto akapewa dawa. Dokta hakunigombeza, akarudi zake kuita wagonjwa, na afadhali angenigombeza.

Nikamsindikiza mama mkwe kwenye bajaji, naomba ardhi ipasuke. Akanishika mkono.

"Mwanangu, yule binti kaolewa?"

"Sijui, mama."

"Basi niulizie. Mdogo wake mumeo hana mke, na pale nyumbani tunahitaji mtu mwenye akili asiyeropoka."

Nikaulizia, ningefanyaje? Posa imeshakubaliwa, na mie ndo nimepewa kazi ya kusimamia mapishi siku ya nikahi. Nimeapa, kitu kilichotulia sikigusi tena kwa ajili ya kumkomoa mtu. Ila wivu wenyewe, wallahi, bado ninao.