Mita Kumi na Tatu

Mama alitakiwa kupasuliwa Alhamisi. Dada yangu aliniambia kwa simu kwamba mama amekataa kutia kidole kwenye fomu ya hospitali mpaka aambiwe niko njiani.

Mimi nilikuwa Riyadh, dereva mwenye digrii ya historia, na ruhusa yangu ya kutoka nchini ilikuwa mkononi mwa kafili, bosi aliyenidhamini. Nilikuwa nimemwomba mara mbili. Alinijibu, "Bukra." Kesho.

Jumanne tukaondoka Suwaidi, mtaa wetu wa Riyadh, kwenda Jeddah, mimi na familia nzima ya bosi, watoto waione sarakasi. Nikapanga: nikiwafurahisha watoto, madam, mke wa bosi, atanisemea. Ndivyo wanavyopanga waliosoma.

Njiani nikawasimulia asili ya sarakasi. Zamani huko London, askari mstaafu wa farasi alifungua uwanja. Asubuhi akifundisha upandaji, mchana akifanya maonyesho. Farasi akikimbia moja kwa moja, kusimama mgongoni mwake ni taabu. Akizunguka, mpandaji huegemea ndani, na mwendo wenyewe humshikilia. Ndipo duara likapatikana, upana wa mita kama kumi na tatu, na lipo hadi leo. Watu walipochoka na farasi watupu, akaongeza wacheza kamba na mchekeshaji.

"Huyo alifanya nini?" akauliza binti mdogo.

"Alijifanya hajui kupanda. Kila akipanda, anaanguka upande wa pili."

Nikawaigizia, mkono mmoja kwenye usukani. Madam alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nikajiona tayari ndani ya ndege.

Tuliposimama kutia mafuta karibu na Taif, madam alimnong'oneza mumewe. Bosi akanigeukia akitabasamu.

"Wallahi, wewe si dereva, wewe mwalimu! Madam anasema usiende popote mpaka shule zifungwe. Watoto watalia."

"Bosi, mama yangu..."

"Mungu atamponya. Yalla, twende."

Shule zilikuwa zimebakiza wiki saba.

Dada alipiga tena kesho yake jioni, nikiwa nje ya hema la sarakasi kule Jeddah, familia imeshaingia.

"Umepewa?"

"Bado. Mwambie atie kidole tu."

"Mwambie mwenyewe, profesa." Akampa mama simu.

"Mwanangu, uko uwanja wa ndege?"

"Ndiyo, mama."

Tarumbeta zikalia hemani, watu wakapiga makofi.

"Mbona kuna ngoma?"

"Uwanja wa huku ndivyo ulivyo. Tia kidole, mama."

Nikasikia karatasi, na dada akisema, "Hapa, bonyeza hapa." Kisha mama akarudi kwenye simu, sauti imechangamka, akaniuliza ndege yangu inatua saa ngapi.