Karatasi Mbili za Mwezi Mwandamo

Kwa miaka kumi na tisa Bu Wiratmi na Ustadhi Musyafak walifundisha kipindi kimoja, katika darasa moja, kwa wakati mmoja. Wageni walidhani chuo kina uhaba wa vyumba, lakini ndivyo Kiai mzee, mwenye chuo, alivyotaka. Bu, kama kwetu tunavyomwita mwalimu wa kike, alisimama upande wa dirisha na kikokotoo chake. Ustadhi alisimama upande wa mlango na kitabu cha falaki cha kurasa za manjano, pamoja na kipimo cha mbao cha robo duara alichopewa na Kiai mwenyewe enzi za ujana wake. Sisi wanafunzi tulikaa katikati tukigeuza shingo huku na huku.

Bu Wiratmi alikuwa binti wa fundi wa reli. Alikuja kwetu pwani ya kaskazini akiwa na shahada ya fizikia na sanduku moja, na walimu wengi walisema hatamaliza mwaka. Hakuwa mcheshi. Mtandio wake uliegemea upande mmoja daima, kwa sababu aliubana pini huku akisahihisha madaftari. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine: ukimwonyesha kosa lake ubaoni, alikushukuru mbele ya darasa zima, kisha akakuita ulifute wewe mwenyewe.

Wawili hao walikuwa na desturi yao. Kila tarehe ishirini na nane ya mwezi wa Kiislamu, kila mmoja aliandika kwenye karatasi yake mwezi ungekuwa digrii ngapi juu ya upeo wa macho kesho yake jua linapotua. Karatasi ziliwekwa mezani kifudifudi, sisi tukahesabu moja, mbili, tatu, zikafunuliwa kwa pamoja. Kesho yake wote tulipanda kilima cha Watulayar kuangalia. Miaka ya mwanzo walipishana digrii mbili, hata tatu, na kila mara mbingu ilikuwa upande wa Bu. Mwaka wa nne Ustadhi alichukua penseli akaanza kuandika masahihisho pembeni mwa kitabu chake.

"Kitabu hakikukosea," aliliambia darasa. "Kimezeeka tu. Hata mimi nitazeeka."

Bu aliyarudia maneno hayo kwa kila darasa jipya. Alisema hajawahi kusikia mwanachuoni akisema neno zuri kuliko hilo.

Mimi niliwahi kukaa kwenye madawati hayo. Niliporudi kutoka chuo kikuu cha Surabaya nilipewa maabara ya kemia, mlango wa pili, na kazi ya kuandika daftari la kilimani. Nadhani Bu aliniombea kazi hiyo kwa sababu mwandiko wangu ni safi na sisemi sana.

Mwaka ninaousimulia, Kiai mzee alikuwa kitandani tangu Rajabu, hana nguvu za kuinuka. Alikuwa na nakala yake mwenyewe ya kitabu kilekile cha manjano, isiyo na masahihisho, na kwa kitabu hicho alitamka kwamba Idi itakuwa Jumamosi. Mwanawe alitoka chumbani akaitangaza. Ng'ombe wakanunuliwa.

Alhamisi, tarehe ishirini na nane Ramadhani, karatasi zilifunuliwa kama kawaida. Ya Bu ilisema nusu digrii na ziada, chini ya upeo. Ya Ustadhi ilisema nusu digrii, chini. Maana yake mwezi ungezama kabla ya jua, na hakuna jicho ambalo lingeuona. Wanafunzi walipiga makofi kwa jinsi namba zilivyokaribiana.

"Basi Idi ni Jumapili," Bu alisema.

Ustadhi alikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

Ijumaa tulipanda kilima. Kwa kawaida safari ile ilikuwa ya utani mtupu. Ustadhi angesema, "Bu, leo nikiuona utaninunulia miwani?" na Bu angejibu, "Nikikununulia miwani utaona miezi miwili." Siku ile Ustadhi alitembea mbele, kimya.

"Ustadhi," Bu alimwita, "leo umefunga mpaka maneno?"

"Koo limekauka, Bu."

Juu walikuwepo hakimu wa mahakama ya dini na maofisa wawili wa serikali, na darubini imekwisha kusimamishwa. Bu alikwenda kwenye darubini na wanafunzi, mwisho kabisa wa sakafu ya saruji. Mimi nilikaa na daftari kwenye meza ya hakimu, nyuma yao. Jua lilitua katika utando mwembamba wa mawingu. Adhana ikasomwa, watu wakagawiana ndizi zilizopikwa kwa nazi na sukari nyekundu.

Ustadhi Musyafak alikuja mezani, hakugusa chakula.

"Nimeuona," alisema.

Hakimu alimtazama. "Hesabu inasemaje, Ustadhi?"

"Digrii mbili juu."

"Hesabu ya nani? Isiwe ya vitabu vya zamani, wataikataa huko Jakarta."

Ustadhi alitazama kidogo upande wa darubini. "Ya Bu Wiratmi."

"Kama ni ya Bu, hakuna neno," hakimu alisema, akamsogezea Msahafu.

Aliapa. Mimi nikaandika: kimo, digrii mbili juu; imehesabiwa na Wiratmi. Jana yake niliziona karatasi zote mbili kwa macho yangu. Niliandika hata hivyo, kwa mwandiko safi.

Ofisa mmoja akaituma namba ile Jakarta. Hazikupita dakika kumi, simu ya Bu ikalia. Alikuwa ameshika glasi ya chai. Aliyepiga alikuwa mtu wa ofisi ya Jakarta inayotangaza Idi, aliyemfahamu kwa miaka mingi, na Bu huweka simu kwenye sauti ya juu kwa kuwa sikio lake moja ni zito. Sote tulisikia.

"Bu, hii digrii mbili ya Watulayar ni yako? Sisi huku wote tunapata chini ya upeo."

Bu aliweka glasi chini. Alikuja mezani, akainama juu ya daftari, akasoma.

"Mwandiko huu ni wako?" aliniuliza.

"Ndiyo, Bu."

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji pungufu akaona haya kudai. Kisha akamgeukia Ustadhi.

"Jana uliandika nini?"

"Bu, mzee amesema Jumamosi."

"Sikukuuliza mzee kasema nini."

"Ni mwalimu wangu. Yuko kitandani, pengine hamalizi mwezi. Unataka nimwambie amekosea?"

"Ungeapa kwa jina lako, basi. Kwa kitabu chako. Jina langu ulilitakia nini?"

Ustadhi aliangalia viatu vyake. "Lako ndilo linaloaminika, Bu."

Mtu wa Jakarta alikuwa bado anangoja. Bu aliinua simu karibu na mdomo. Wakati ule nilielewa kwamba angeweza kumwokoa Ustadhi kwa neno moja tu.

"Namba hiyo si yangu," alisema. "Yangu ni nusu digrii na ziada, chini. Andika chini."

Hakimu alifunga jalada lake bila kutazama mtu.

Serikali ilitangaza Jumapili. Chuo kilisali Jumamosi. Siku hiyo kutwa Bu Wiratmi alifunga peke yake ndani ya ua ambao kila mtu alikuwa anakula. Watoto waligonga mlango wake na sahani za kuku wa nazi na wali uliopikwa ndani ya makuti yaliyosukwa, mmoja baada ya mwingine. Alipokea kila sahani, akashukuru, akaifunika. Nilipopita alasiri nilizihesabu kumi na moja. Jumapili alipanda basi akasali mjini, katika safu ya wanawake asiowajua.

Kwetu, siku za Idi watu hupita nyumba kwa nyumba kuombana radhi. Ustadhi alikuja Jumatatu na kanzu mpya, akasema maneno yale ambayo kila mtu huyasema, na Bu akamjibu kwa yale ambayo kila mtu hujibu. Wakanywa chai. Mtu asiyejua angeona wamepatana.

Wiki ile Bu alikwenda kumjulia hali Kiai mzee. Nilimsindikiza. Mzee alikuwa na akili zake zote.

"Idi ulisali lini, mwanangu?" aliuliza.

"Jumapili, Kiai."

"Kwa nini?"

"Mwezi ulikuwa chini."

"Nasikia Musyafak alishakisahihisha kile kitabu, miaka mingi sasa," mzee alisema. "Mbona hajaniletea nikaona?"

Bu aliniambia njiani kwamba angefurahi zaidi kama mzee angemkaripia.

Tarehe ishirini na nane ya Mfunguo Mosi, kwa hesabu ya serikali, tulijaa tena darasani, hata mimi nilikuja nikasimama nyuma. Wote wawili waliinamia karatasi zao. Wanafunzi walihesabu moja, mbili, tatu. Bu alifunua yake: digrii tano na robo. Ustadhi alifunua yake. Haikuwa na kitu.

"Mwezi huu nimekufuata wewe, Bu," alisema, akitabasamu kidogo. Wanafunzi walicheka, walidhani ni utani wao wa zamani.

Bu aliishika ile karatasi tupu, akaigeuza, akaangalia na upande wa pili.

"Kwa hiyo nikikosea," alisema, "nani ataniambia?"

Bu alichukua kikokotoo na chaki zake, akatoka kwa mlango wa upande wa Ustadhi, na tangu siku ile hufundishia kwenye maabara yangu, Jumanne. Ustadhi amebaki na darasa la zamani, Jumatano.

Kesho yake Bu bado alipanda Watulayar. Nilimbebea daftari kama kawaida, nikalifungua, nikatoa kalamu. Alinyoosha mkono akaichukua kalamu, na akaandika mwenyewe.