Maini ya Dikeledi na Viza ya Limbani

Limbani, Mmalawi mchomeleaji wa mageti, alikuwa jirani yangu pale Tembisa, Afrika Kusini. Alipomwoa Dikeledi, binti wa mtaani kwetu, tulidhani mambo ya makaratasi yangeisha upesi.

Wapi! Kila walipokwenda uhamiaji walirudishwa. Hati ya polisi ya Limbani kutoka Malawi, ya kuonyesha hana kosa, iliisha muda ikiwa humohumo ofisini, akaambiwa akalete nyingine. Alipoileta, faili likawa halionekani. Na bila viza ya mwenza hakuna karakana iliyotaka kumwandika kazi.

Hatimaye wakaitwa kuhojiwa, kila mmoja peke yake. Afisa, mama mmoja asiyecheka, aliuliza walikula nini jana usiku.

"Ugali na maini," alisema Dikeledi.

"Mimi sikula," alisema Limbani.

Wakaitwa pamoja. "Majibu hayafanani. Hii ndoa ni ya kweli au ya kutafutia viza?"

Dikeledi akamgeukia mumewe. "Hukula? Na ile sahani niliyokupakulia?"

"Nilimpa mbwa wa jirani."

"Mbwa!"

"Mke wangu, maini yako hayaivi. Damu inatoka."

"Na kila siku unayasifia!"

"Sasa nisiposifia nitalala wapi?"

"Leo utalala na huyo mbwa, muongo mkubwa wewe!"

Mtu yeyote angeona hapo pana mke na mume. Afisa aliendelea kuandika tu. "Mtapigiwa simu."

Simu haikulia. Kipupwe kikaingia, na katikati ya baridi baba yake Limbani akafariki huko kwao Zomba. Limbani akakimbilia ofisini kuomba ruhusa ya safari. Dirishani wakamwambia, "Kutoka unaweza, bwana. Kurudi hatukuahidi."

Hakwenda. Alitazama maziko ya baba yake kwenye simu, picha ikikwama kila dakika, Dikeledi amemshika mgongo. "Hawataki nikae, na hawataki niondoke," aliniambia. "Sasa wanataka nini, kaka?"

Viza ilitoka mvua zilipoanza. Ya miaka miwili. Limbani aliitazama tarehe ya mwisho, akasonya.

"Kwa mwendo wao, tukirudi tunaanza kuomba upya," alisema.

"Tutaomba," alisema Dikeledi. "Funga begi."

Wakapanda basi la Malawi wote wawili, kwenda kuliona kaburi.