Jicho Alilolisafisha Mama Picha

Pazia zito limeshushwa na sebule imegeuka studio. Makochi yamesukumwa ukutani. Katikati, juu ya stuli ya jikoni, ameketi mtoto wa miezi kumi, mama yake akimshikilia kiuno. Mama Picha anaisogeza taa ya duara mpaka lenzi ya kamera inachungulia katikati yake. Anabonyeza, taa inamweka kama radi, kisha anaigeukia kompyuta na kuyakuza macho ya mtoto hadi yanajaa kioo.

Mama huyo, mteja aliyekuja kumtafutia mtoto picha ya pasi ya kusafiria, anauliza kama kuna kasoro.

"Hakuna, mwanangu," anajibu Mama Picha, akishusha pumzi. "Sasa ndiyo tunaanza kazi."

Kila mtoto anayeingia katika nyumba hii hupigwa kwanza picha hiyo, ambayo hailipiwi wala haichapishwi. Wateja wengi hudhani ni majaribio ya taa. Lakini taa zilikwisha kujaribiwa miaka miwili iliyopita, na jaribio lile nusura liivunje familia.

Kwa muda mrefu Mama Picha, ambaye sasa ana umri wa miaka arobaini na sita, alitegemea dirisha. Jua la asubuhi lilipopiga ukuta wa jirani, mwanga wake uliingia sebuleni ukiwa umepoa, naye akaudaka kwa kipande cha boksi alichokibandika karatasi ya kung'aa. Mawingu yalipotanda, wateja waliambiwa warudi kesho, na katika msimu wa mvua kesho hiyo haikufika.

"Nilikuwa naomba radhi kwa niaba ya mbingu," anasema.

Alijinyima mwaka mzima, akauza na kitanda cha chumba cha wageni, ndipo akaenda kununua taa: mbili za miavuli, na hiyo ya duara. Muuzaji, mtu wa maneno mengi, aliziwasha zote kwa pamoja hadi mteja mwingine akafunika uso kwa mkoba. Alimwonya kwamba ile ya duara haina adabu, humwanika mtu pamoja na chunusi zake. Mama Picha alimwambia hizo chunusi amwachie yeye. Mtaani kwao anasifika kwa kusafisha picha. Mikunjo ya uso iliyochukua miaka kuota huiondoa kabla chai ya mteja haijapoa.

Wa kwanza kukalia stuli mbele ya taa mpya alikuwa binti wa mdogo wake wa kiume, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Baba yake hufanya kazi mbali na nyumbani, na alikuwa ameomba picha. Mtoto aliletwa na mama yake, ambaye ni wifi wa Mama Picha na anaishi nyumba ya pili kutoka hapo.

"Kumbe umenunua jua lako mwenyewe," wifi alimtania. "Bili ikija, wifi, usije kugonga kwangu."

Picha ilitoka vizuri, isipokuwa jicho la kushoto. Mboni ya kulia ilikuwa na wekundu ule ambao wapiga picha wote wanaufahamu, taa inapokuwa karibu mno na lenzi. Ya kushoto ilikuwa nyeupe, kama kifungo cha shati.

Mama Picha aliilaumu taa. Alinakili mboni ya kulia, akaibandika kushoto, akayatia macho yote weusi unaofanana, kisha akamtumia mdogo wake. Picha ilimpendeza sana baba wa mtoto. Akaiweka kwenye uso wa simu yake, awe anaiona kila anapotazama saa.

Wiki tatu baadaye mtoto alipigwa picha nyingine, na kifungo kile kikarudi palepale. Safari hii Mama Picha aliifungasha taa na kuirudisha dukani kwa hasira. Muuzaji hakubishana. Alikalia boksi tupu, akamtaka ampige picha yeye mwenyewe, kisha mke wake aliyekuwa akihesabu nyaya. Macho yao yote manne yalikuwa salama.

"Mama," alisema muuzaji, safari hii bila utani, "taa haichagui jicho."

Hata hivyo alimbadilishia, ili kuepusha maneno. Mama Picha alirudi nyumbani, akaifunga taa nyingine, akamwomba wifi amwachie mtoto kidogo. Alimpiga akiwa stulini, akaigeuza stuli, akampiga tena. Weupe haukuondoka kwenye jicho la kushoto.

Ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo hulieleza akitazama sakafu.

"Nilimpa kifuniko cha lenzi achezee. Nikamziba jicho la kulia kwa kiganja. Alikidondosha, akaanza kupapasa hewani na kulia. Nikamwachia, akatulia. Nikamziba la kushoto. Akaendelea kucheza, kama vile sijamgusa."

Anaonyesha nyaya zilizo chini ya stuli.

"Nilikaa chini hapo, kwenye nyaya."

Wifi alimkuta hapo sakafuni, mtoto akiwa mapajani. Mama Picha alimwonyesha picha zote, pamoja na ile ya kwanza kabla ya kusafishwa. Wifi hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe tena, kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Niliona, wifi. Sikujua."

"Uliona ukafuta."

Hospitalini daktari alizitazama picha hizo kabla ya kumtazama mtoto, na uso wake ukabadilika. Ndani ya jicho kulikuwa na uvimbe wa saratani. Jicho halikuwa tena la kuokolewa. Kilichobaki kuokolewa ni mtoto, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo ukiachwa huufuata mshipa wa jicho hadi kwenye ubongo. Mama Picha aliuliza kama wiki zile tatu ndizo zilizoligharimu jicho. Daktari alimjibu kwamba huenda lilikwisha kupotea mapema zaidi, lakini hawezi kuapa. Jibu hilo, anasema, hulala nalo na kuamka nalo.

Jicho liliondolewa siku chache baadaye. Mdogo wake alipiga simu akiwa njiani kurudi. Hakumlaumu. Alisema tu, "Dada, nitumie ile ya kwanza. Ile uliyonificha."

Wifi alipita mlangoni kwake miezi mingi bila kugeuza shingo. Siku moja alisimama, akamwita mama mmoja jirani aliyebeba mtoto mgongoni, akamwelekeza sebuleni. "Mwambie akupigie ile ya macho," alisema, akaenda zake.

Tangu hapo picha ya macho haijakosekana. Mama Picha huwaeleza wazazi kwamba weupe si lazima uwe ugonjwa, pengine ni pembe tu ya mwanga, lakini ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari. Wauguzi wa kliniki ya watoto wamekubali awe anakwenda na taa yake Jumamosi moja kila mwezi. Kwa kuwa umeme wa kliniki hukatika ovyo, sasa anatafuta betri ya kuiwasha taa hiyo asubuhi nzima.

"Nikiipata, siwangoji tena waje sebuleni," anasema.

Mteja wa pasi ameondoka. Mlango unasukumwa bila hodi, na binti wa mdogo wake anaingia mbio. Ana miaka mitatu na nusu, na anahitaji picha ya kuandikishwa shule ya awali. Anapanda stulini mwenyewe, akimwamuru shangazi yake asimtingishe.

Taa inamweka. Kwenye kompyuta, jicho la kulia lina wekundu wake wa kawaida. La kushoto, la bandia, limetulia tu, likitazama kando kidogo. Mama Picha anaweka mkono kwenye kipanya, anasita, na kumgeukia wifi yake aliyeegemea mlango.

"Nisafishe chochote?"

Wifi anasogea, anainama, anaitazama picha kwa makini.

"Mfute makombo ya mkate mdomoni," anasema. "Macho yaache."