Ombi la Wanaoshuka Shimoni

Mwaka ule parokia yetu ya Kikatoliki ndiyo iliyopokea ibada ya pamoja ya makanisa, na mimi nikapewa kazi ya kutengeneza kijitabu. Kila kanisa lilete wimbo mmoja na ombi moja. Wamethodisti walimtuma mama mmoja mjane, kiongozi wa kwaya yao, mwenye sauti nzito. Alinifundisha wimbo wao mstari kwa mstari, tumeketi kwenye benchi la sakristia. Kisha akanipa karatasi iliyokunjwa: ombi kwa ajili ya wanaoshuka kwenye mashimo ya shaba. Alikuwa ameliandika mwenyewe. Mwanawe wa pekee alikuwa mmoja wao.

Juma lile mvua haikupumzika. Umeme ulikatika kila saa, nikachapa mbiombio, nikapeleka fotokopi, na Jumapili mchana nikafika kanisani na boksi la vijitabu. Mama akafungua kimoja pale mlangoni. Akasoma, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

"Mwana yangu," akasema polepole, "mutoto yangu iko muzima. Juu ya nini umemutia mu bafu?"

Nikatazama. Ombi lake lilikuwa kati ya maombi ya wafu, chini ya maneno "Kwa ajili ya marehemu". Nililibandika mahali pasipo pake, wala sikuona.

"Nilikosa, mama. Unisamehe."

"Leta biki."

Tukayafuta maneno yale kwa kalamu, kijitabu kimoja kimoja, watu wakipita kwenda kukaa. Kengele ilipolia nikataka kuacha vilivyobaki. Akanisogezea boksi.

"Yote," akasema.

Zamu yake ya kusoma ilipofika, mvua ilikuwa ikipiga mabati hata ikabidi apaze sauti. Hakuwa amefika nusu nilipomwona mwanamume amesimama mlangoni, buti zake zimejaa udongo mwekundu mpaka magotini. Hakuingia. Mama naye alimwona. Hakunyamaza, alisoma polepole zaidi, akivuta kila neno, na mimi nikatamani ukurasa ule usiishe. Aliposema amina, aliteremka akaenda moja kwa moja kwa yule mtu.

Alikuwa ametumwa kutoka machimboni: shimo lilikuwa limeporomoka asubuhi ile. Mwanawe walimtoa jioni, mguu umevunjika, yu hai. Wenzake wawili walitolewa siku ya tatu, wamekufa. Mmoja alikuwa wa parokia yetu.

Padri aliniambia kosa la kuchapa haliui mtu. Mchana naamini hivyo.

Kwenye kilio cha yule wa kwetu, wanakwaya wa makanisa yote walikuja kuimba. Mimi nilibaki karibu na geti, nikidhani kila anayenitazama anajua. Mama akafika kutoka hospitali, bado ananuka dawa. Akaketi mkekani kati ya wanawake, akavuta kando upindo wa kikwembe alichojifunga, pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Hakuniita, wala hakutazama upande wangu. Nilisimama kitambo, kisha nikavua viatu nikaenda kuketi pale.