Semkini Ahamia Kiwanja Namba Thelathini na Mbili

Sadala bin Mhina alikuwa mtu wa kusema "ndiyo" kwanza, halafu swali lenyewe akalifikiria akiwa njiani kurudi nyumbani. Kwa tabia hiyo alishawahi kununua jogoo kipofu, na akiwa na miaka arobaini na moja alijikuta golini katika timu ya vijana wa Sindeni.

Alikuwa na fahari moja tu, nayo hakuitolea jasho: alikuwa mjukuu wa Semkini. Semkini ndiye aliyeingia pori lile enzi za simba, akaangusha mti wa kwanza, na mahali pakaitwa Kwasemkini. Handeni nzima ilimjua, na hata sokoni Korogwe wazee walimtaja. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba ya Sadala, na kulitunza ilikuwa kazi yake. Wageni walikuwa wakilitazama kaburi, kisha wakimtazama mjukuu, kisha wakinyamaza.

Mwaka wa sabini na nne ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Kwasemkini pangelimwa pamba kwa trekta. Wazee wa ukoo wakakaa, wakatoa neno: kila mtu atahama na vyombo vyake, Sadala atahama na Semkini, kaburi likipotea, limepotea mikononi mwake. Mwalimu Isihaka wa madrasa alisema kaburi halifukuliwi ovyo, ila trekta ni dharura. Mifupa itolewe kwa heshima, ivishwe sanda, izikwe siku hiyohiyo.

Izikwe wapi? Kijiji kipya hakikuwa na makaburi bado. Ilibidi kumwomba karani wa viwanja, kijana aliyeletwa kutoka mbali asiyejua historia ya mtu yeyote. Sadala alitunga sentensi yake, akawaambia mbuzi njia nzima: ndugu karani, naomba sehemu ya kumzika upya marehemu babu yangu. Mbuzi hawakuwa na pingamizi.

Zamu yake ilipofika karani hakuinua kichwa. Aliuliza kaya ina watu wangapi. Sadala akataja mke, watoto wanne, na babu.

"Babu anaishi kwako au ana nyumba yake?"

"Ana yake."

"Jina?"

"Semkini."

"Anajiweza?"

Sadala akageuka, akaona foleni ya watu hamsini wote wakimtazama yeye. "Ndiyo," akasema.

Akarudi nyumbani na viwanja viwili, namba thelathini na moja chake, na thelathini na mbili cha Mzee Semkini, mkulima. Mkewe Hajira alisikiliza habari yote akipeta mahindi. "Umekwenda kuomba kaburi, umeletewa nyumba," alisema. "Baba Zamda, wewe ukitumwa chumvi utarudi na bahari."

Siku ya kufukua, jembe lilishikwa na Habakuki, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na penye kaburi mtani hufanya kazi ngumu, naye hulipwa kwa ruhusa ya kutukana. Habakuki alichimba taratibu, akitoa mfupa mmoja mmoja kwa mikono miwili, huku Sadala akikinga sanda.

"Mzee huyu alifukuza simba," Habakuki akasema kutoka shimoni. "Mjukuu kafukuzwa na karani, tena karani mwenyewe amekaa kitini."

Watu wakacheka, na Sadala akacheka nao, kwa kuwa hakuona palipokosewa. Kisha mtani akagoma kutoa fuvu mpaka apewe kuku. Akapewa yule jogoo kipofu.

Semkini akapanda lori akiwa amefungwa ndani ya mkeka, kati ya kinu na magunia. Baada ya alasiri alikuwa amelala kiwanja namba thelathini na mbili, ameelekezwa kibla na kusomewa dua. Sadala akashusha pumzi. Aliishusha mapema.

Kila Jumatano wanakijiji walikwenda shamba la ujamaa, na kila mtu alipimiwa ngwe yake ya kulima. Mwenyekiti Eliasi, mtu wa Makuyuni aliyehamia na wengine baada ya mazishi yale, aliita majina. Alipofika kwa Semkini, watu walitazama vidole vya miguu yao. Jumatano tatu zikapita hivyo. Ya nne, Eliasi akatangaza kwamba mvivu asiyelima wala kujenga ananyang'anywa kiwanja. Kesho yake asubuhi akafika namba thelathini na mbili na familia iliyokuwa ikingoja, kamba ya kupimia, na majembe ya kuchimba msingi.

Sadala alitoka ndani mbio, kanzu ameivaa nyuma mbele. Safari hii hapakuwa na mbuzi wa kufanyia mazoezi.

"Mwenyekiti," alisema, "Semkini yupo. Umemsimamia kifuani."

Eliasi akaruka pembeni. Alipoelezwa, akauliza kwa nini Sadala hakusema siku zote hizo.

"Niliulizwa kama anajiweza."

"Ukajibu?"

"Nikajibu anajiweza."

Eliasi akatazama tuta lile, akatazama watu. Orodha ilikwisha kwenda wilayani, na kijiji kilikwisha kusifiwa kwa wingi wa watu wake. Kulifuta jina moja kungeleta mtu wa kuja kuhesabu yote. Akakunja kamba yake. Kaburi halitaguswa, alisema, na ile familia ataitafutia pengine. Lakini jina litabaki, na ngwe ya jina italimwa. Aliyemleta ndiye atakayemlimia.

Basi Sadala akalima ngwe mbili. Alianza na ya babu, asubuhi kukiwa na baridi na mikono ina nguvu, akaipalilia mpaka ikang'aa. Alipofika kwenye yake jua lilikuwa kichwani, akaikwaruza tu.

Mavuno yalipokwisha, Eliasi alisimama mbele ya kijiji kizima, akasoma kwa uso mkavu majina ya wakulima bora watatu. Wa tatu alikuwa Semkini, zawadi yake jembe jipya. Jina la Sadala halikuwemo. Habakuki akaongoza makofi, akipaza sauti kwamba mzee asicheleweshwe, ametoka mbali. Sadala akainuka, akapita katikati ya watu wote wale, akaenda kumpokelea.