Mtani Aliyekatazwa Utani

Ofisi ya shirika la visima, pale Kashaulili mjini Mpanda, nyuma ya soko, ilikuwa na mpiga chapa mmoja, na wote walimjua kwa jina la Marsela, Muha wa Kasulu. Ndivyo alivyojieleza siku ya kuomba kazi, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, hakuna aliyempa mtihani. Lakini jina alilopewa na mama yake ni Séverine. Alivuka mpaka kutoka Burundi mgongoni mwa huyo mama mwaka wa sabini na mbili, akakulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, akafundishwa taipu na masista. Alipoona ujuzi wake utaozea shambani, alitoka bila kibali, akaingia mjini na jina jipya.

Alifikiri atadanganya mwaka mmoja tu, ajipange. Wote husema hivyo. Mwaka ukazaa mwaka, binti yake Mariana akaanza shule kama mtoto wa Kiha, na kurudi nyuma kukawa hakuna. Mficha uchi hazai, tunaambiwa, lakini wanaotuambia hawana cha kuficha. Ilipofika tisini na saba, mambo ya Burundi yamechafuka tena, watu mjini wakawa wanaulizana nani katoka wapi. Akijulikana, kazi imekwisha, naye na Mariana wanarudishwa kambini, kama hawakuwekwa ndani kwanza.

Aliyejua ni mtu mmoja, dereva Manyanda, Msukuma mwenye mwili na mdomo usiofungwa. Jumapili moja alipeleka vipuri vya pampu Katumba, akamkuta Séverine amekumbatiwa na mama yake, bibi mwembamba anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa na kumbariki kwa Kirundi. Dereva akampa lifti ya kurudi, akapiga mluzi njia nzima, mpaka walipoiona stesheni ya reli ya Mpanda.

"Mimi sijaona kitu, dada," alisema. "Ila kuanzia kesho nitakuita Mrundi mbele za watu wote. Watacheka mpaka wachoke. Mtu hachunguzi kitu alichokwisha kukicheka."

Na ndivyo alivyofanya. Msukuma na Muha ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata mkuu wa ofisi hana: atakutukana asubuhi, atakula chakula chako mchana, atakuzomea msibani kwako, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. "Mrundi, chai iko wapi?" "Mrundi, lini unarudi kwenu utuachie mji?" Ofisi nzima ikacheka. Ulimi wa Séverine ukiteleza, akaunguzwa na chai akamwita Mungu wake kwa Kirundi, "Mana yanje!", Manyanda alidakia kabla ya mtu kugeuka, "Si niliwaambia?" Wakacheka zaidi. Hata mama yake alipopata kibali cha kuja kuuza maharage sokoni, akachungulia getini na kikapu chake, dereva alipaza sauti: "Mrundi we, mama yako kaja kukuchukua!" Séverine akatoka huku anacheka, akamzungusha mama nyuma ya tangi la maji, wakashikana mikono, wakaongea wapendavyo. Ndani hakuna aliyeinua kichwa. Sijui kama mjini pale palikuwa na ukuta mnene kuliko mdomo wa yule Msukuma.

Basi wafadhili wakaleta semina. Heshima kazini, kila mtu ajione yumo, tuache kuhukumiana kwa makabila. Kwa maneno yake, semina nzuri. Mwezeshaji alikuwa Bi Mercy kutoka Dar es Salaam, mama mpole, mwenye kusikiliza kwa kichwa kilichoinama upande. Katika ukumbi wa parokia alibandika karatasi kubwa, akawafanya waseme yanayosemwa juu ya Wasukuma, Wafipa, Wapimbwe. Watu walichangamka. Bwana Leodgar, mkuu wa ofisi, Mpimbwe asiyekosa misa, alieleza kwa uchungu jinsi anavyoulizwa uchawi kila aendapo, na watu wakamwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Yangeishia hapo, yangekuwa mema. Lakini ikaja chai. Kwenye foleni ya maandazi, Manyanda akapayuka kwa mazoea, "Jamani, huyu Mrundi msimpe mawili, lingine atalipeleka kambini!" Wote wakacheka. Bi Mercy hakucheka.

Baada ya chai aliwaita wote wawili mbele.

"Ndugu Manyanda, umesikia ulichomwita mwenzako?"

"Huyu mtani wangu, mama. Muha huyu, mtumwa wetu toka enzi za mababu."

"Ofisini hakuna utani. Kuna heshima. Muombe radhi."

Manyanda alimtazama Séverine, kisha akatazama viatu vyake. "Nisamehe," alisema, na pale hakuwa na mzaha hata chembe.

"Nimekusamehe," Séverine akasema upesi, akigeuka kurudi kitini. "Wala sikuumia. Tumezoeana."

"Ngoja, dada yangu." Bi Mercy alimshika bega, kwa upendo hasa. "Mnaona? Aliyeonewa muda mrefu husema hakuumia. Marsela, umekaa na neno hili miaka yote. Leo livue. Wewe ni Mrundi?"

Bwana Leodgar, akitaka kumsaidia, akatania, "Au ni kweli, jamani?" Wachache wakacheka, halafu wakaacha. Na katika kule kuacha Séverine alisikia hatari yote. Akikaa kimya, ameshajibu. Akikasirika, watauliza kwa nini Muha anamkasirikia mtani. Yalikuwa maji ya shingo, na aliyemmwagia alikuwa anamtabasamia.

Mimi hapa huwa nashikwa na hasira, niseme ukweli. Tangu asubuhi wanafundishwa kwamba kila mtu ni mtu. Kama ni hivyo, kuitwa Mrundi tusi liko wapi? Katika ukumbi mzima hakuna aliyeuliza.

"Sema kwa sauti," Bi Mercy akamwambia. "Mimi si Mrundi. Mimi ni Muha, na nastahili heshima."

Séverine aliyasema. Akilini alimwona mama yake na kikapu chake, akayasema hivyo hivyo, neno kwa neno, na watu wakapiga makofi. Wengine walisimama. Manyanda naye alipiga, taratibu, macho yake hayajatoka viatuni.

Kuanzia Jumatatu yake ofisi ikawa na adabu. Bwana Leodgar alitangaza kwamba atakayeita mwenzake jina la kabila atajieleza. Manyanda alijaribu mara moja kuanza, "Mru...", akakoholewa na watu watatu, akamezea. Tena wakati huo alikuwa na watoto saba, na kazi ni hiyo hiyo moja. Akawa anapita mlangoni na kusema, "Habari za asubuhi, Bi Marsela," naye anajibu nzuri, na yanaishia hapo. Siku moja ulimi wa Séverine ukateleza tena, "Mana yanje!", karatasi imekwama kwenye taipu. Hakuna aliyecheka. Waliinua vichwa, wakatazamana, wakarudi kwenye kazi zao. Alikuwa hajawahi kuogopa kimya namna ile.

Mwezi wa sita mama yake akapata tena kibali. Akauza maharage yake, akaja getini kama alivyozoea, akasimama kungoja ule ukelele unaomchekeshaga. Manyanda alikuwa anafuta kioo cha gari, hatua chache tu kutoka pale. Alimwona bibi. Alifungua mdomo. Dirishani alikuwa amesimama Bwana Leodgar, na dereva akaufunga, akaendelea kufuta mahali palepale.

Mama akangoja, kisha akaingia mpaka barazani. "Hodi," alisema kwa Kiswahili chake cha Katumba. "Namtafuta mwanangu. Séverine."

Wote wakaangalia mlangoni, kwa adabu kabisa. Séverine alisimama. Aliiona shule ya Mariana, akauona mlango wa mahabusu, akajiona yeye mwenyewe anakwenda barazani kwa miguu yake.

"Hapa hakuna Séverine, bibi."

Yule bibi alimtazama. Alikimbia vita na mtoto mgongoni, na mambo mengine haambiwi mara mbili. Akainamisha kichwa kidogo, jinsi mtu wa shamba anavyomwinamia mtu wa ofisi.

"Samahani, mama," alimwambia binti yake. "Nimekosea nyumba."

"Haya, bibi. Uende salama."

Bibi akajitwisha kikapu, akatoka getini, akapita kando ya gari. Manyanda alikuwa amegeuzia uso upande wa tangi.

Séverine akarudi kwenye taipu. Bwana Leodgar alikuja mpaka mezani kwake, ameguswa kweli.

"Umeongea naye vizuri sana," alisema. "Bila dharau wala kejeli. Unaona semina ilivyotusaidia?"

"Asante, mkuu," alisema Marsela, akaingiza karatasi nyingine.